Chapa na Dhahabu: Juu ya Wimbo Mmoja wa Uskoti

Wako wasemao kwamba nyimbo za watu hazina fikira, na wengine kwamba kila wimbo wenye fikira umeziiba vitabuni. Twaona wote wamekosa. Shahidi wetu ni wimbo wa Robert Burns wa mwaka 1795, uitwao "A Man's a Man for A' That".

Kitabu cha Thomas Paine, Rights of Man, kilitoka kwa sehemu mbili, 1791 na 1792. Kilifundisha kama walivyofundisha wengi katika zama zile za Mwangaza: watu wote huzaliwa sawa kwa haki, wala ukuu haupasi kurithiwa kama shamba. Paine alishitakiwa Uingereza, akaonekana ana hatia, hali yeye yuko Ufaransa. Burns naye alikuwa mtumishi wa serikali katika kazi ya ushuru. Basi wimbo wake ulipochapwa mara ya kwanza haukutajwa jina lake. Ndiyo sababu wengi huuona kuwa ni Paine aliyetiwa vina.

Lakini tuutazame mfano ulio moyo wa wimbo: cheo ni chapa tu juu ya sarafu, na mtu mwenyewe ndiye dhahabu. Mfano huu haukuanza kwa Paine. William Wycherley alikuwa ameutumia katika mchezo wake The Plain Dealer, mwaka 1676, kabla Paine hajazaliwa. Na Burns, alipompelekea mhariri George Thomson wimbo huo, alikiri kwamba ni fikira chache tu za nathari zilizopewa vina.

Ungamo hilo ni la kweli, ila halitoshi. Fikira zilikuwa za zama zake. Kazi yake mwenyewe ilikuwa kuzitia katika sauti ya zamani iliyokwisha kujulikana, kwa lugha ya nyumbani ya Waskoti, na kuzifungia kiitikio, hata asiyejua kusoma aweze kuishika hoja na kuiitikia. Mwanafalsafa huuthibitisha usawa. Waimbaji huushuhudia kwa kinywa kimoja.

Wala tusifiche dosari. Mwaka 1786 Burns alikuwa amekubali kazi ya ukarani katika shamba la Jamaica lililolimwa na watumwa. Kusifiwa kwa kitabu chake cha kwanza ndiko kulikomzuia. Hatusemi kwa hiyo kwamba wimbo ni uongo. Twasema umempita mtungaji wake, nao wamhukumu yeye kwanza.

Tarehe 1 Julai 1999, Bunge la Uskoti lilipofunguliwa Edinburgh, wimbo huo uliimbwa, na wabunge wakauitikia. Mwalimu atakaye kuufasiri asitafute neno mbali. Kiswahili kina "utu", lililozaliwa na "mtu" lenyewe, wala halina cheo ndani yake. Na kabla hajaudharau wimbo wa kijijini kwake, na asikilize kwanza kiitikio, ajue watu wanakubali nini.