Kwenda Kiwayu kwa Kubisha

Familia za Kitale na Bungoma hupata nafasi ya kusafiri mwezi wa Desemba. Mahindi yameshavunwa, shule zimefungwa, na aliyebahatika kulipwa mapema ana chochote mfukoni. Wengi huishia Mombasa, wakakaa ufukweni wiki nzima wakiitazama bahari kama shamba la jirani. Lakini mtu anaweza kusonga mbele hadi Mokowe, avuke kuingia Lamu, akodi mashua ya tanga pamoja na mabaharia wake, kisha azunguke na wanawe Manda, Pate, Ndau na Kiwayu.

Desemba hiyohiyo kaskazi huwa imeanza kuvuma. Kiwayu iko kaskazini-mashariki mwa Lamu, kilomita 50 hivi, yaani upepo unatoka kulekule mnakotaka kwenda. Mashua nyingi siku hizi zina injini, na ningeomba iachiwe dharura, maana ufundi wenyewe uko hapa. Chombo hakiwezi kuukabili upepo uso kwa uso, kwa hiyo nahodha hubisha: huenda mshazari upande huu, kisha mshazari upande ule, kila mara akichuma kipande kidogo cha safari. Kila anapogeuza, tezi, yaani nyuma ya chombo, hupitishwa kwenye upepo, kamba ya demani ikalegezwa, boriti ya foromali ikasimamishwa wima kando ya mlingoti, na baharia mmoja akapita mbele, omoni, na pembe ya tanga mkononi kuizungushia upande wa pili. Hufanya hayo pasipo kuulizana. Wakikosea, upepo unalishika tanga kwa mbele na kulibandika mlingotini, na hapo chombo kinaweza kupinduka.

Nahodha hodari hukwepa kubisha anapoweza. Huingia Mkanda, mlango mwembamba wa mikoko kati ya Manda na bara, ambao maji yakipwa haupitiki. Basi ratiba ya familia inapangwa na mwezi: bamvua huleta maji mengi na mkondo mkali, maji mafu huwa na upole. Hata Shanga, kule Pate, ambako wachimbaji wa mambo ya kale walikuta misingi ya misikiti tangu karne ya 8, mtashuka maji yakiruhusu. Nahodha akisema nanga ing'olewe saa kumi alfajiri, amkeni. Mzee wa Bungoma aliyezoea saa ya basi ataudhika, ingawa yeye mwenyewe Machi hapandi kwa kuambiwa na kalenda. Huisubiri mvua ilowanishe udongo kwanza.

Ndiyo maana nashangaa watu wanapopatana bei. Huuliza urefu wa chombo na unene wa magodoro, wakavutana kwa shilingi, na yule atakayeshika usukani hawakumtazama hata mara moja. Muulize Mkanda anaupita maji yakiwa wapi. Muulize nani anapika, maji ya kunywa ni madumu mangapi, jaketi za kuokolea zinawatosha watoto au ni za watu wazima tu. Muulize pia hali ya usalama, kwa kuwa Kiwayu haiko mbali na mpaka wa Somalia, na watu hawajasahau shambulio la 2011 dhidi ya watalii karibu na hapo. Akisema tuishie Pate, iwe Pate. Nahodha anayekereka kuulizwa hayo, mwache aende zake. Maji kidogo ngamani, chini ndani ya chombo, yasikutishe: mbao zimezibwa kwa pamba na mafuta, nazo hutoa jasho. La kuangalia ni kama kuna mtu wa kuyafua.

Kurudi ni kazi nyepesi. Kaskazi iko tezini, tanga limejaa, nahodha anakunywa chai, na abiria wengi huisifu siku hiyo kuliko zote. Mimi fedha zangu nimezitoa kwa ajili ya zile siku za kwenda.