Wadogo wa Kijivu wa Hori ya Mida

Kazi huanzia kwenye mwezi. Mwongozaji wa ndege wa Mida, hori iliyo kati ya Watamu na Gede katika pwani ya Kilifi, huchagua siku za bamvua. Maji yakipwa, ndege hutawanyika mbali kwenye matope wakidonoa kaa na minyoo. Yakianza kujaa, matope hupungua na ndege husogea kuelekea mikoko. Kwa hiyo yeye hutangulia. Hutafuta mahali ambapo jua la asubuhi litakuwa mgongoni mwake, hutandika turubai, akalala kifudifudi. Lenzi ya milimita 500 huilaza juu ya mfuko wa mchanga, iwe sawa na macho ya ndege.

"Usiwafuate," ananinong'oneza leo, nikiwa nimelala kando yake. "Maji yatawaleta."

Wa kwanza kufika ni wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Hakuna ndege mwingine wa kuwachanganya nao, kwa hiyo anapiga picha chache na kuwaacha wapite. Anaowangoja ni wadogo wa kijivu wenye tumbo jeupe. Ni spishi mbili, moja kubwa kidogo kuliko nyingine, zinazozaliana Asia, na hukaa kwetu tangu Agosti hivi hadi Aprili. Wakati wa kuzaliana vifua vyao huwa na rangi ya kutu. Hapa, kwa miezi mingi, wote wana rangi ileile ya kijivu.

Ndege anakimbia hatua chache, anasimama, anatazama, anadonoa. Kidole kiko juu ya kitufe na hakibonyezi. Ndege ametuelekea, na mdomo ukionekana kwa mbele hauwezi kupimwa. Anageuka, lakini shingo imepinda. Bado. Matope yanaingia maji, yananifikia viwikoni, na mwenzangu hajatikisika. Ndege anasimama tena, ubavu wote wazi, nuru ndani ya jicho. Kamera inalia mara tatu.

Kisha kundi linaruka, naye tayari ameshapandisha kasi hadi 1/2000 ya sekunde. Sikumwona akifanya hivyo.

Utambuzi unafanyika baadaye, kivulini. Anaikuza picha, anaweka ukingo wa karatasi kwenye kioo, anatia alama mbili: shina la mdomo na ncha yake. Anaihamisha karatasi kuelekea kichwani, kuanzia shinani. Alama ya ncha ikipita ukingo wa nyuma wa jicho, huyo ni mkubwa, leschenaultii kwa jina la kisayansi. Mdogo, ambaye vitabu vya zamani vilimwita mongolus na vipya humwita atrifrons, mdomo wake kwa kawaida haupiti hapo, na ncha yake ni butu. Rangi ya miguu nayo husaidia, kwani ya mkubwa hukaribia manjano, ila leo imepakwa matope na yeye hakubali kuikisia. Anafungua picha za kuruka. Mmoja vidole vyake vimechomoza wazi nyuma ya mkia. Mkubwa. Nilivutiwa zaidi na subira hii ya pili, ya kumnyima ndege jina mpaka ushahidi utimie.

Orodha ya asubuhi anaituma Kenya Bird Map, ikiwa na mahali na saa. Picha moja, ya ndege aliyeangalia upande mwingine, anaiandika "mmoja kati ya hawa wawili" na kuendelea na inayofuata.