Lugha ya Hofu na Lugha ya Matumaini katika Kampeni za Urais: Maoni kutoka Mbulu na Hanang

Hotuba za kisiasa huhukumiwa mara nyingi kwa ukweli au uongo wa madai yake. Ni nadra kuhukumiwa kwa sarufi yake, ingawa sarufi ndiyo ielezayo nani atatenda, nani atatendwa, na lini. Makala haya yakusudia kuzipima kwa kipimo hicho lugha mbili za kampeni za urais nchini Tanzania, ile itiayo hofu na ile itiayo matumaini, kama zinavyosikika Mbulu na Hanang.

Mahali hapa hapakuchaguliwa ovyo. Kiiraqw, Kidatooga na Kihadzabe chenye vidoko husemwa kwa ujirani, wala hakuna kati yake iliyo lugha ya Kibantu. Basi Kiswahili cha mgombea huingia katika masikio yenye desturi nyingine za usemi. Tena wapiga kura wa huko hawana sifa ya kuvutwa kwa kamba. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na kiti kimoja ilichokosa kilikuwa cha Mbulu. Herman Sarwatt, naye mwanachama wa TANU, alisimama kwa nafsi yake akamshinda Chifu Amri Dodo aliyeteuliwa na chama. Wakati huo Hanang ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Mbulu.

Tuanze na hofu. Katika kampeni za 1995, za kwanza baada ya vyama vingi kurudishwa mwaka 1992, upande wa CCM uliwakumbusha watu maafa ya Rwanda na Burundi. Kumbukumbu hiyo haikuwa ya kubuni, maana wakimbizi wapatao robo milioni walivuka mpaka na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi mwaka 1994. Walakini tutazame umbo la maonyo ya namna hii. Husemwa kwamba amani itavunjika, kwamba nchi itagawanyika, kwamba tusije tukajuta. Kiambishi cha kutendeka katika "vunjika" na "gawanyika" chamwondoa mtendaji. Amani yavunjika kama chungu kilichoanguka chenyewe, na msikilizaji hana wa kumwuliza. Onyo la kweli humtaja atakayevunja na njia ya kumzuia. Likikosa hayo mawili, limekuwa kitisho.

Lugha ya matumaini nayo haina haki ya kusamehewa. Mwaka 2005 Jakaya Kikwete alinadiwa kwa "Ari Mpya, Nguvu Mpya na Kasi Mpya", akapata kura zipatazo asilimia 80. Msemo huo hauna kitenzi hata kimoja, wala hausemi kasi hiyo yaelekea wapi. Mwaka 2010 "mpya" ikageuzwa kuwa "zaidi", na neno hili ni hatari kwa alisemaye, kwa kuwa lataka kilinganishwe kile cha kwanza. Mwaka huo kura za Kikwete zilishuka kufikia asilimia 63 hivi. Mpinzani wake mkubwa, Dokta Wilbrod Slaa, alikuwa mbunge wa Karatu, nchi iliyopata kuwa sehemu ya Mbulu, na jimbo la Mbulu lenyewe likachukuliwa na CHADEMA. Hatudai kwamba kivumishi kiliangusha kura. Twasema tu kwamba matumaini yenye kipimo huweza kudaiwa.

Huko Hanang deni hilo lajulikana. Mashamba ya ngano yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada tangu mwisho wa miaka ya 1960 yalikuja kwa jina la maendeleo, yakachukua ekari zipatazo 100,000 za malisho ya Wabarabaig. Kwa mfugaji aliyeikosa ardhi hiyo, ahadi njema yaweza kutisha kuliko onyo.

Desturi ya Wairaqw yatupa mizani iliyo bora. Katika slufay, dua isemwayo na mzee mbele ya mkutano, mabaya hutajwa na mema huombwa katika usemi mmoja, nao waliohudhuria huitikia. Hofu hutajwa hapo ili iondolewe, na anayeitikia ameshirikiana na msemaji. Katika kampeni hofu hutajwa ili ibaki kifuani hata siku ya kura, na matumaini hutajwa ili msikilizaji ashangilie pasipo kuuliza.

Kwa hiyo kuligawa jambo hili kuwa matumaini mema na hofu mbaya hakutoshi. Swali lifaalo ni kama sentensi ya mgombea yamwachia msikilizaji nafasi ya kuitika au kukataa kwa kujua. Walimu wa Kiswahili wangefanya kazi kubwa kama wangewafundisha wanafunzi wao, katika kila ahadi na kila onyo, kumtafuta mtendaji.