Wanaopima Msitu kwa Kuinama

Ukiingia msitu wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ukatazama juu tu, utadhani mambo yote ni shwari: vilele vimefungana na hondohondo wanapiga kelele. Mtafiti wa ekolojia huanza kwa kuinama. Huhesabu miche, kwa sababu anachotaka kujua ni suala la urithi: jitu hili la mti likianguka, nani atashika nafasi yake?

Amani swali hilo ni zito. Msizi, mti ambao kwao ni Uganda na misitu ya magharibi zaidi, uliletwa huku mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za kituo cha utafiti ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902. Baadaye ukataji wa mbao ulitoboa msitu, jua likafika chini, na msizi, ambao hupenda mwanga na hukua haraka, ukapata njia. Hondohondo humeza matunda yake na kuziangusha kokwa mbali.

Kujua mrithi yupi anakua upesi si rahisi: miti mingi ya msitu wenye mvua kama huu haina pete za mwaka za kuaminika, hivyo kasi ya ukuaji hujulikana kwa kurudi na kupima tena. Eneo hupimwa kwa kamba, na kila mti hupigwa kibati chenye namba. Unene huchukuliwa mita 1.3 kutoka ardhini. Mti wenye mbavu pana shinani hupimwa juu ya mbavu. Utepe ulipopita huchorwa mstari wa rangi, ili atakayekuja miaka mingi baadaye apime papo hapo. Akipima juu au chini kidogo tu, ataandika badiliko ambalo halikutokea.

Lakini ustadi ninaouheshimu kuliko wote ni wa kuutambua mti ambao majani yake hayafikiki. Mjuzi wa miti, mara nyingi mwenyeji aliyekulia milimani humo, hulichanja gome kidogo kwa panga, akatazama na kunusa. Mtambara hutoa utomvu mwekundu, msambu wa njano. Mche ni mtihani mkubwa zaidi: hauna ua wala tunda, na majani yake ya utotoni huenda yasifanane na ya mti mzima. Jina likikosewa hapo, mrithi anaandikwa siye.

Na warithi hawafanani. Miche ya msizi hudhoofika kivulini, hata chini ya mama yake. Ile ya miti ya asili iliyozoea kivuli huweza kungoja. Kwa hiyo daftari zuri huandika pia mche uliokufa na mwanga uliokuwapo juu yake. Tangu 1997 Amani ni hifadhi ya mazingira asilia, lakini miti mikubwa huendelea kuanguka yenyewe, na kila pengo jipya linahitaji mtu wa kuinama tena na kuhesabu.