Upatanisho kwa Jina: Maoni juu ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Laha ya mitindo ni faili lenye maagizo ya sura ya ukurasa wa tovuti: rangi, ukubwa wa herufi, upana wa pambizo. Tangu kanuni za laha hizo zilipotolewa Desemba 1996, desturi ni kutaja ndani ya kila ukurasa laha inayouhusu. Mafundi wengine, kwa kuchoshwa na kurudiarudia, huweka sharti: ukurasa na laha vikiwa na jina moja, programu itavikutanisha yenyewe.

Mfasiri mwenye haraka ataliita jambo hili “uunganishaji wa moja kwa moja”. Tafsiri hiyo ina kasoro mbili. “Moja kwa moja” pia ni kutopitia kwingine, na sivyo ilivyokusudiwa. Kubwa zaidi, jina limefichwa, nalo ndilo lifanyalo kazi.

Mwalimu wa Bukoba au Muleba hahitaji maelezo marefu. Katika Kihaya, kama katika Kiswahili, kiambishi cha nomino huamua maneno yanayofuata yavae nini. Omuntu ana viambishi vyake, abantu wana vyao. Msemaji havitafuti kimoja kimoja. Sarufi yetu huita hali hiyo upatanisho. Basi napendekeza “upatanisho kwa jina”. Atakayedai kwamba neno hilo ni la usuluhishi wa magomvi akumbuke kwamba walimu wamelitumia darasani miaka mingi bila kugombana.

Manufaa yake huonekana jina linapobadilishwa. Tuchukue majina yaliyomo katika anwani za tovuti za halmashauri tatu: bukobamc, bukobadc na mulebadc. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba karani ana kurasa na laha zenye majina hayo. Akiandika Muleba kwa herufi kubwa upande wa ukurasa peke yake, kama tahajia imtakavyo, seva nyingi zitalihesabu kuwa jina jingine. Ukurasa utafunguka bila mitindo yake, na msomaji hatajua kosa liko wapi.

Kishawishi cha kubadilisha kipo, tena cha haki. Hiyo “dc” ni kifupisho cha Kiingereza cha Halmashauri ya Wilaya, ilhali kwa wananchi wengi DC ni Mkuu wa Wilaya! Mfasiri anaweza kuiondoa, mradi abadilishe ukurasa na laha pamoja. Mwongozo unaosema “uunganishaji” haumtahadharishi. Unaosema “upatanisho kwa jina” umekwisha kumwambia.