Kizuri Chajiuza? Utendi wa Mwindo na Jina la Fanani

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii huweza kumfanya mhakiki aamini kwamba kazi isiyo na mtunzi anayejulikana hujieneza yenyewe. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, Kivu ya Kaskazini, waonyesha kwamba dhana hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Utendi huu ulinakiliwa mwaka 1956 kutoka kinywani mwa fanani Shekarisi Candi Rureke, aliyeuimba, kuusimulia na kuucheza kwa muda wa siku 12. Rureke hakuwa mtunzi kwa maana ya mwandishi wa riwaya. Aliupokea utendi kwa waliomtangulia, na kwa imani ya Wanyanga kazi hiyo ilikuwa wito wa pepo aitwaye Karisi. Kando yake walikuwapo vijana waliopiga mti mkavu kwa vijiti; kwa kupiga na kuitikia, mwanafunzi alijifunza. Kwa hiyo utendi haukujiuza: ulibebwa. Waliobeba hawakutafuta sifa zao, bali walihakikisha kwamba yupo atakayepokea.

Maudhui yanaafikiana na njia hiyo. Mwindo, mwana wa mtemi Shemwindo wa Tubondo, azaliwa akisema na kutembea, na hujigamba kila apitapo. Baada ya kuliua zimwi Kirimu, Nkuba, mwenye radi na rafiki wa zimwi hilo, ampandisha angani, akakaa huko mwaka mzima akiteswa na baridi, mvua na jua. Arudipo duniani, atawala kwa adabu. Hivyo utendi unaomsifu shujaa wamkanya asijisifu.

Hata hivyo, si haki kuhitimisha kwamba kazi njema iachwe ijiendee. Unyenyekevu wa fanani ulitegemea kijiji kilichotulia. Vita vilivyozuka Walikale na Masisi mwaka 1993, na vilivyofuata, viliwatawanya watu. Hadhira ikitawanyika, mwanafunzi hana pa kuketi. Kitabu kilichohaririwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, na kuchapishwa California mwaka 1969, kimeuhifadhi utendi kwa Kinyanga na Kiingereza. Lakini majina yanayotangulia ni ya wahariri. La Rureke lasomwa ndani. Hapo kutojitangaza kwake kwaweza kugeuka kusahauliwa, jambo ambalo desturi haikulikusudia.

Basi yafaa kutofautisha kutangaza kazi na kutangaza nafsi. Mwalimu wa Kingi, Goma au Dar es Salaam aufundishaye utendi huu hahitaji kumfanya Rureke nyota. Amtaje kwa heshima kama mpokezi na mrithishaji, kisha awape wanafunzi nafasi ya kuitikia. Kizuri chajiuza pale tu penye wa kukipokea.