Waandaaji wa Mashindano ya Shabaha za Mbali
Katika mashindano ya kulenga shabaha za mbali kwa bunduki ndogo za kaliba .22, yanayopendwa Marekani na Uingereza, waandaaji hufika uwanjani kabla ya wote. Risasi ya gramu 2.6 hushuka zaidi ya mita moja ifikapo mita 200, na upepo mwepesi huipeperusha. Hivyo kila umbali hupimwa kwa leza, na mabamba ya chuma hupakwa rangi upya. Tuta la kuzuia risasi hukaguliwa. Bendera nyekundu hupandishwa. Hakuna anayeikaribia shabaha kabla msimamizi hajathibitisha kuwa bunduki zote ni tupu. Waandaaji wengi hujitolea bila malipo. Mshindi huondoka na medali. Usalama wake na uhalali wa ushindi wake hutokana na kazi ya waandaaji hawa.